Kabla ya Kumpa Mtoto, Kisome Wewe

(Hotuba kwa walimu wakuu, walimu wa maktaba na wajumbe wa kamati za shule, Temeke, Dar es Salaam. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikapunguza marudio na pale nilipokuwa nahangaika na maiki.)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wakuu, walimu wa maktaba, wajumbe wa kamati za shule, wazazi wenzangu, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni. Na wadogo zangu mliojibana kule nyuma karibu na feni, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kuchagua vitabu vya maktaba ya shule vinavyolingana na umri wa watoto. Aliyenipigia simu alisema, "Mama, watu wanataka orodha." Orodha sikuja nayo, na nitasema mapema kwa nini, ili anayetaka kuondoka aondoke kabla jua halijawa kali. Orodha niliyoiandika mimi inawajua watoto ninaowajua mimi. Ninyi mna watoto wenu. Nilicho nacho ni jambo moja, na nitalizungukia asubuhi nzima: mtu ambaye hajakisoma kitabu asikinunue kwa pesa ya shule, na asikikataze pia. Mengine yote nitakayosema ni namna ya kukisoma.

Tuanze na huo umri wenyewe. Geuza jalada la nyuma la kitabu cha watoto, mara nyingi utakuta pameandikwa "miaka 6 hadi 8" au "Darasa la III na IV". Mchapishaji amekadiria, na makadirio yake yanamhusu mtoto wa wastani, ambaye mimi sijawahi kukutana naye. Darasa la Tatu la shule moja ya Mbagala lina mtoto wa miaka minane, lina wa kumi, na lina kijana wa kumi na mbili aliyehamia kutoka mkoani akarudishwa nyuma. Wote watatu ni "Darasa la Tatu". Ukiwagawia kitabu kimoja kwa kufuata maandishi ya jalada, umemhudumia mmoja, na huyo mmoja ni kwa bahati.

Kila kitabu kina vipimo viwili, nawaomba sana msivichanganye. Kipimo cha kwanza ni ugumu wa maandishi: maneno, sentensi, urefu, ukubwa wa herufi. Kipimo cha pili ni uzito wa jambo: kitabu kinazungumzia nini, na mtoto anaachwa na nini moyoni akikifunga. Vipimo hivi haviendi pamoja. Kipo kitabu chenye sentensi fupi fupi kabisa kinachosimulia mtoto aliyeuawa vitani. Na kipo kitabu cha kurasa mia tatu, maneno magumu tupu, ambacho jambo lake zima ni kuku aliyepotea.

Tathmini za mpango wa Uwezo, unaopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, zilianza hapa nchini mwaka 2010, zimewafuata watoto majumbani na kuwapa silabi, maneno, aya na hadithi ya kiwango cha Darasa la Pili. Zaidi ya mara moja zimeonyesha kwamba watoto wengi wa Darasa la Tatu hawawezi kuisoma hadithi ile. Walimu mlioko hapa hamhitaji tathmini kuwaambia hayo, mnawaona kila siku. Sasa mchukue kijana wa miaka kumi na tatu ambaye bado anasoma kwa kukwama. Kwa kipimo cha kwanza, anahitaji kitabu cha mtoto wa miaka saba. Mpe basi, mbele ya wenzake, kitabu chenye picha ya kifaranga kimevaa kaptula. Atakipokea kwa adabu, maana tumemfundisha adabu, na hutamwona maktaba tena mpaka anamaliza shule.

Huyu ndiye msomaji anayesahaulika kuliko wote. Anataka maandishi ya mtoto mdogo na jambo la kijana: mpira, injini ya bodaboda, uvuvi, pweza anavyojificha, jinsi mtu anavyoweza kuzungumza kwa simu akasikika Mwanza. Treni ya umeme ilipoanza safari za Dar hadi Morogoro Juni 2024, kila mtoto alikuwa na swali. Ni maktaba ngapi za shule zetu zilikuwa na kitabu cha kurasa ishirini, kwa Kiswahili chepesi, kinachoeleza umeme unavyosukuma treni? Tunapochagua vitabu tunakimbilia hadithi, na hadithi nazipenda, lakini wavulana wengi, na wasichana wengi tu, mlango wao wa kusoma ni kitabu cha maarifa. Kitabu cha maarifa kina faida nyingine: hakuna anayekuona mjinga ukikishika, hata kama sentensi zake ni za maneno matano.

Mtazameni sasa na mwenzake, binti wa miaka tisa anayesoma chochote: gazeti lililofungiwa maandazi, riwaya za baba yake zilizofichwa juu ya kabati. Wazazi wanajivuna, na wana haki. Wengine humchukulia vitabu vya kaka zake wa sekondari, kwa hesabu ileile ya mzazi wa Dar anayemnunulia mtoto sare inayomzidi ili aikulie. Sare ataikulia, kweli. Kitabu kinachomzidi ataweza kukitamka chote, neno kwa neno, na asimwambie mtu kilichomtisha ndani yake. Huyu mpeni vitabu virefu, mpeni Kiswahili kigumu, mpeni mashairi. Uzito wa jambo ubaki wa miaka tisa.

Nirudi kwenye ugumu wa maandishi, nikae hapo kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapoazima vipimo vya watu. Kwa Kiingereza kuna kanuni za hesabu za kupima ugumu. Iliyo maarufu zaidi ni ya Rudolf Flesch, ya mwaka 1948: unahesabu wastani wa maneno katika sentensi na wastani wa silabi katika neno, na kadiri silabi zinavyoongezeka ndivyo maandishi yanavyohesabiwa kuwa magumu. Leo zipo programu za kompyuta zinazofanya hesabu hiyo kwa sekunde. Ukizipa Kiswahili zitakudanganya mchana kweupe. Chukua neno "hawatatusomea". Lina silabi saba. Kwa hesabu ya Flesch hilo ni neno la profesa, wakati mtoto wa Darasa la Pili analitamka akicheza rede. Urefu wa neno letu unatokana na vipande ambavyo mtoto tayari anavijua mdomoni.

Kwa hiyo tuangalie nini? Kwa anayeanza, nitazame kwanza silabi zenyewe. Ba, be, bi, bo, bu anazimudu mapema. Ugumu uko kwenye mbw, nyw, chw, ng', ngw, na kwenye dh, th na gh. Fungua ukurasa uone zimerundikana wapi. Ukurasa wenye ng'ombe, mbwa, kunywa na kung'ang'ania kwa pamoja si wa mwezi wa kwanza wa kusoma, hata kama una maneno kumi tu na picha nzuri.

Halafu tazama mwisho wa mistari. Hili waandishi na wachapishaji wetu wanalipuuza sana. Maneno yetu ni marefu, na ukurasa ukiwa mwembamba neno linakatwa kwa kistari: "wanao" linabaki juu, "pendana" linashuka chini. Mtu mzima halioni. Mtoto anayesoma kwa kidole anafika mwisho wa mstari, anasoma "wanao" kama neno kamili, anashuka chini, anakuta "pendana", anapotea. Vitabu vya madarasa ya chini visikate neno kabisa, na mstari ukatike pale sauti inapopumzika. Tazama pia herufi "a" na "g": je, zina umbo lile ambalo mwalimu anaandika ubaoni, au umbo la magazeti? Kwa mtoto wa Darasa la Kwanza hizo ni herufi mbili tofauti.

Kwa wakubwa kidogo ugumu unahama, unaingia ndani ya sentensi. "Mbwa alimfukuza paka" ni rahisi. "Paka aliyefukuzwa na mbwa alirudi" inahitaji mtoto ajue nani alimfanya nini nani. Ikifika "paka ambaye mbwa aliyemfukuza jana leo amefungwa", mimi mwenyewe nasimama. Ukikuta kitabu kimejaa sentensi za namna hiyo, mara nyingi kimetafsiriwa haraka na mtu aliyekuwa na tarehe ya kukabidhi. Kisome kwa sauti. Ukikosa pumzi katika ukurasa wa kwanza, mtoto atakosa hamu.

Kipo na kile kipimo cha vidole vitano ambacho walimu wengi mnakifahamu: mtoto anafungua ukurasa wowote wa katikati, anakunja kidole kila akikutana na neno asilolijua, akimaliza mkono kabla ya ukurasa kwisha kitabu kinamzidi. Kipimo hiki nakipenda kwa sababu mtoto anajipima mwenyewe, bila mwalimu kumtazama usoni. Nina angalizo moja tu. Mtoto wetu anaweza kujua maneno yote na bado asiielewe hadithi, kwa kuwa Kiswahili kimejaa masikioni mwake. Baada ya vidole, mwombe akusimulie. Akikusimulia kwa maneno yake, mwache aende nacho.

Sasa kipimo cha pili, uzito wa jambo. Najua hiki ndicho kilichowaleta wengi.

Februari 2023 Wizara ya Elimu, kupitia kwa Waziri Profesa Adolf Mkenda, ilitangaza vitabu vilivyopigwa marufuku katika shule zetu kwa sababu za maadili. Shule zikatakiwa kukagua maktaba zao. Baada ya tangazo lile nilisikia mambo ya kusikitisha kuliko vitabu vyenyewe: kabati zilizotiwa kufuli zima zima, na hadithi za sungura zimo ndani. Mkuu wa shule hakuwa amesoma kitabu hata kimoja, akaona salama ni kufunga vyote. Nasema kwa heshima, wakuu wangu mlioko hapa: kufuli halikagui. Serikali ina wajibu wake, na Taasisi ya Elimu Tanzania pale Mikocheni ndiyo inayotathmini vitabu vinavyoombewa ithibati. Kitabu cha kiada kikija na ithibati, sehemu kubwa ya kazi imefanyika. Lakini maktaba inaishi kwa vitabu vya ziada, vingine vya kununua, vingine vya kupewa, na Mikocheni hawawezi kukaa mlangoni kwako kupekua kila boksi. Mlangoni upo wewe.

Na ukisoma, usiishie kuwinda maneno mabaya. Nimeona mtu akipekua kurasa mia mbili kutafuta "busu", akakipitisha kitabu ambacho baba anampiga mama kila sura na msimulizi anacheka. Mimi najiuliza: kitabu kinasimama upande wa nani? Mtoto mnyonge akionewa, mwandishi anataka nimhurumie au nimcheke? Mtoto wa kike yumo kufanya nini, zaidi ya kuteka maji na kuokolewa? Mtu mwenye ualbino anaitwaje humo, na anafanywaje? Vipo vitabu vya zamani, vimechapwa vizuri, vinatumia kwa ulemavu na ualbino maneno ambayo leo mwanafunzi wako aliyekaa dawati la mbele atayasikia yakimrudia wakati wa mapumziko. Kitabu hicho hakina busu hata moja.

Kutisha ni jambo lingine. Mzazi mmoja aliniambia hataki zimwi maktabani kwa sababu mwanawe anakojoa kitandani. Namwelewa, godoro ni lake. Lakini bibi zetu walitusimulia mazimwi yanayomeza kijiji kizima, na hadithi ilipokwisha zimwi lilikuwa limepasuliwa na watu wametoka hai. Mtoto wa miaka saba anaweza kubeba hofu ikiwa hadithi inamrudisha nyumbani salama kabla hajalala. Asichoweza ni hofu inayoachwa wazi: mtoto ametekwa, kitabu kimeisha. Hicho kisubiri mpaka darasa la juu, ambako watabishana juu yake.

Kuhusu kifo, tusijidanganye. Mtoto wa Tandika amekwenda msibani kabla hajajua kusoma. Ameona maturubai, amelala kwenye mkeka na shangazi zake, amesikia vilio. Kitabu kinachosema babu amekufa hakimletei habari mpya. Huenda ndicho kitu pekee kitakachomwambia kuwa kile alichokihisi wengine nao walikihisi. Kifo kilichosimuliwa kwa upole kinafaa hata Darasa la Pili. Mauaji ya kinaganaga, damu na panga, hayafai hata kama kitabu ni cha historia na kina picha nzuri.

Na kubalehe. Hapa nitasema na akina mama na akina baba pamoja, msiinamishe vichwa. Kuna shule ambazo kitabu cha hedhi kimewekwa kwenye rafu ya Kidato cha Pili kwa sababu "ni cha wakubwa". Msichana anaweza kuvunja ungo akiwa na miaka kumi au kumi na moja, yuko shule ya msingi, na siku hiyo anadhani anakufa. Kitabu kinachofika baada ya jambo kutokea hakikulingana na umri, kimechelewa. Vipo vilivyoandikwa kwa ajili ya wasichana wa hapa kwetu, kwa Kiswahili chetu, kwa staha. Viwekeni Darasa la Nne na la Tano, na mahali ambapo msichana anaweza kukichukua bila kupita mbele ya wavulana ishirini. Wavulana nao wana chao. Mapenzi ya riwaya za barabarani, yale ya majalada mekundu, hilo sina haja ya kulieleza: hapana, na mnajua kwa nini.

Wajumbe wa kamati wataniuliza, je, dini? Shule zetu za serikali zina watoto wa dini zote. Kitabu kinachoeleza sikukuu ya jirani kinafaa. Kitabu kinachomkejeli jirani kirudi kilikotoka. Tuendelee.

Vitabu vya msaada. Nitasema ukweli wangu, na waliotusaidia wasichukie. Yapo mashirika yanayouliza kwanza shule inahitaji nini, yanachagua vitabu vipya na kuvituma kwa umri. Hao Mungu awabariki. Lakini pia kuna mtu anayesafisha stoo yake huko ughaibuni, anajaza maboksi, anapiga picha na watoto wetu wakiwa wameshika ensaiklopidia ambayo bado ina nchi zilizokwisha kufa. Ndani ya boksi utakuta mwongozo wa kodi za Marekani, riwaya za mapenzi za watu wazima, nakala arobaini za kitabu kimoja cha sayansi cha jimbo fulani. Mwalimu anaona aibu kukataa msaada, anavipanga rafuni, na maktaba inaonekana imejaa. Mtoto anaingia, anavuta kimoja, anavuta cha pili, anatoka. Ombeni orodha kabla boksi halijapanda meli. Wakikataa kutoa orodha, shukuruni kwa adabu zote za pwani na mkatae. Rafu tupu inamwambia afisa elimu kwamba vitabu vinahitajika. Rafu iliyojaa takataka inamwambia kila kitu kiko sawa.

Nije sekondari, maana wakuu wa sekondari wamekaa kimya kama hayawahusu. Kijana anaingia Kidato cha Kwanza akitoka kusoma masomo yote kwa Kiswahili, na kesho yake Bayolojia ni kwa Kiingereza. Ana akili ya miaka kumi na nne na Kiingereza cha miaka saba. Vitabu vya Kiingereza vya vijana wa umri wake kutoka London au Nairobi vinamshinda ukurasa wa kwanza. Vya watoto wadogo wa Kiingereza, vyenye dubu anayekwenda kulala, vinamdhalilisha. Dawa ipo: mifululizo ya vitabu vilivyopangwa kwa ngazi kwa ajili ya wanaojifunza lugha, ngazi za chini zikitumia maneno ya msingi 400 hivi na za juu zikifika 2,500, huku hadithi zenyewe ni za watu wazima: upelelezi, safari, maisha ya wanasayansi. Nunueni nyingi za ngazi ya chini, hata kama mkuu wa taaluma anaona ni aibu. Na msiondoe Kiswahili kwenye rafu za sekondari eti "hapa ni Kiingereza tu". Mtoto aliyeacha kusoma kwa Kiswahili mwaka ule hakuhamia Kiingereza, alihamia simu.

Na kuna jambo linakuja ambalo sijasikia likizungumzwa kwa upande wa maktaba. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024. Wanaoanza Darasa la Kwanza na miaka sita watafika Kidato cha Kwanza na miaka kumi na miwili. Mwaka 2027 Darasa la Sita na la Saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 sekondari zitapokea makundi mawili kwa wakati mmoja, moja likiwa dogo kwa mwaka mzima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo maktaba moja ya sekondari itakuwa na mtoto wa miaka kumi na miwili na mtoto wa kumi na saba, wote watoto kisheria, wakivuta vitabu kutoka rafu moja. Riwaya ambazo tumezizoea kuwa "za Kidato cha Kwanza" zisomwe upya. Anzeni sasa, maana kusoma kunachukua muda kuliko kununua.

Pesa. Mwongozo wa IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, wa mwaka 2002 ulitaja vitabu kumi kwa kila mwanafunzi, na shule ndogo kabisa isipungue 2,500. Nasikia mnacheka. Shule ya wanafunzi elfu mbili ingehitaji vitabu elfu ishirini, na wengine hapa mna kabati moja ofisini kwa mwalimu wa zamu, pamoja na mpira na kengele. Sikuja kuwadhihaki kwa takwimu hiyo. Naitaja kwa sababu ya hesabu yake: mwenye vitabu elfu ishirini akikosea mia moja hakuna anayejua. Mwenye vitabu mia mbili akikosea mia moja, nusu ya maktaba imekwenda. Anayepaswa kuchagua kwa uangalifu zaidi ni maskini.

Kwa hiyo undeni kikundi cha kusoma, watu wachache tu: mwalimu wa maktaba, mwalimu wa madarasa ya chini, mzazi mmoja, na wanafunzi. Ndiyo, wanafunzi. Wapelekeni pale TPH Bookshop, Samora, au kwa wachapishaji, au waombeni watu wa Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao wamekuwa wakishughulika na vitabu vya Kiswahili vya watoto tangu 1991. Kabla ya kununua, pitieni Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Keti sehemu ya watoto bila kusema neno, tazama kitabu gani kimechakaa. Kitabu kilichochakaa kimechaguliwa na watoto wengi kuliko kikundi chako chote.

Kila kitabu kiwe na kadi yake. Andika nani alikisoma, maandishi yake yanamfaa msomaji wa namna gani, jambo lake linamfaa mtoto wa kuanzia umri gani, na ukurasa wowote ambao mzazi anaweza kuuliza. Siku mzazi akija amekunja uso na kitabu mkononi, na atakuja, hutaanza kukipekua mbele yake kwa mikono inayotetemeka. Utatoa kadi. Akiwa na hoja mliyoikosa, kikundi kikisome tena, kwa sababu mzazi naye ni msomaji na mara nyingine ameona mnachokiona ninyi kila siku bila kukiona.

Rafuni tumieni rangi: utepe mdogo kwenye mgongo wa kitabu, rangi moja kwa ugumu mmoja wa maandishi. Msiandike "Darasa la Pili" juu ya kitabu, yule kijana wa miaka kumi na tatu atakiona kabla hajakigusa. Uzito wa jambo usiwekewe utepe, ubaki kwenye kadi na kichwani kwa mwalimu wa maktaba, ambaye ndiye anayejua nani kafiwa wiki hii. Na sogezeni rafu mbali na ukuta wa nje, hewa ya pwani inaotesha ukungu kwenye karatasi kabla hata mchwa hawajafika.

Mwenyekiti, naona umeangalia saa. Nimeacha pale mezani kadi tupu na maboksi mawili ya vitabu ambavyo sijavisemea lolote, vingine ningevinunua na vingine nisingevinunua. Kila kundi lichukue vitabu vitatu, livisome mpaka saa sita, lijaze kadi. Baada ya chai tutabishana. Asanteni sana kwa kunisikiliza.